Nani amekagua mlango?

Samahani kwa kimya cha wiki mbili. Kazi ilinishika, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kurekebisha kosa langu mwenyewe. Nitawasimulia, lakini kwanza tupande ndege.

Mimi naishi Fedha, hapa Embakasi. Hatuko mbali na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, na jirani yangu wa mlango wa pili ni mhudumu wa ndege. Juzi nilimwuliza ni kosa gani dogo linalomtia hofu kazini. Nilidhani atataja mambo ya mawingu na dhoruba. Akajibu neno moja: "Mlango."

Kumbe kabla ndege haijaondoka, kila mlango huwekwa katika hali ya dharura. Mtelezo wa mpira uliokunjwa mlangoni hufungwa kwenye sakafu, na mlango ukifunguliwa kutoka ndani, mtelezo hujaa hewa kwa sekunde chache. Hiyo ni neema siku ya moto. Lakini ndege ikifika salama na mhudumu akasahau kuufungua kutoka sakafuni, mtelezo hufyatuka nje kwa nguvu. Unaweza kumuumiza mfanyakazi aliyesimama pale, na safari inayofuata huchelewa. Kusahau kuufunga mwanzoni ni hatari zaidi: mlango utafunguka wakati wa moto, na abiria hawatakuwa na kitu cha kuteremkia.

"Mtu husahauje kitu anachokifanya kila siku?" nikamwuliza.

"Mkono wako uko kwenye kishikio, abiria anakuuliza habari ya begi lake. Unamjibu. Ukirudi, kichwa kinakuambia umeshamaliza. Ndiyo maana mwenzangu lazima auangalie mlango wangu, nami niuangalie wake. Kwa macho, si kwa kuulizana."

Shikilia maneno hayo, kwa macho, si kwa kuulizana. Historia ya usalama wa ndege imejaa watu waliokufa kabla ya somo hilo kueleweka, na ukurasa mmoja uliandikwa hapa hapa Embakasi.

Tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya Lufthansa namba 540 iliruka kutoka uwanja huu kwenda Johannesburg ikiwa na watu 157. Ilikuwa Boeing 747, jumbo lenyewe. Ndege hiyo ina vibawa kwenye ukingo wa mbele wa mabawa, ambavyo hufunguka ili kuipa nguvu ya kupaa ikiwa bado na mwendo mdogo. Vibawa hivyo husukumwa na hewa kutoka kwenye injini, na vali za hewa hiyo hazikuwa zimefunguliwa. Orodha ya ukaguzi ilikuwepo, lakini haikutekelezwa ipasavyo. Hakukuwa na king'ora cha kuwaambia marubani kwamba vibawa vimebaki ndani. Ndege ilinyanyuka, ikatetemeka, ikashuka tena na kuungua karibu na mwisho wa barabara ya kurukia. Watu 59 walikufa. Ilikuwa ajali ya kwanza duniani ya Boeing 747 iliyoua watu. Baada yake, Boeing iliongeza onyo la kumjulisha rubani hali hiyo.

Marekani nako walikuwa wakijifunza kwa uchungu. Desemba 1972, marubani wa ndege ya Eastern namba 401 walishughulikia taa moja ndogo isiyowaka hadi hakuna aliyeona kwamba ndege inashuka polepole kwenye kinamasi cha Florida. Watu 101 walipoteza maisha. Septemba 1974, marubani wa kampuni hiyo hiyo walikuwa wakipiga soga wakati wa kutua Charlotte, na zaidi ya watu 70 wakafa. Mwaka 1981 ikatungwa sheria: chini ya futi 10,000, marubani wasizungumze lolote lisilohusu kazi, na wahudumu wasiwasumbue kwa mambo ya chai.

Basi dawa ni ukimya? Hapana. Januari 1989, karibu na Kegworth, Uingereza, injini ya kushoto ya ndege ya British Midland iliharibika. Marubani wakazima ya kulia, na nahodha akawatangazia abiria kwamba tatizo liko kulia. Wahudumu waliokuwa nyuma walikuwa wameona moto upande wa kushoto, lakini habari hiyo haikufika mbele. Watu 47 wakafa.

Kisha Douala, tarehe 5 Mei 2007, ajali ambayo Wakenya hatuisahau. Usiku, katika hali mbaya ya hewa, nahodha wa ndege ya Kenya Airways namba 507 alitamka kwamba mtambo wa kujiendesha umeshika. Haukuwa umeshika, na msaidizi wake hakuthibitisha. Kwa karibu dakika nzima ndege ikawa haina dereva, ikilalia kulia kidogo kidogo. Wote 114 walikufa.

Tazama vizuri. Katika hadithi hizi, ujuzi upo. Kinachokosekana ni jicho la pili kati ya "nimefanya" na "imefanyika".

Sasa kosa langu. Nilikuwa nabadilisha hifadhidata ya malipo ya kampuni moja mjini. Madirisha mawili yalikuwa wazi, moja la majaribio na jingine la seva halisi. Simu ikalia. Nikaongea, nikarudi, nikaandika amri ya kufuta kwenye dirisha nisilokusudia. Risiti za asubuhi nzima zikapotea, na makarani wakaziingiza upya kutoka kwenye karatasi. Mshika mbili moja humponyoka, na mimi nilishika simu na seva.

Nimeshaomba radhi, lakini radhi si mfumo. Tangu siku hiyo dirisha la seva halisi lina rangi nyekundu, na amri ya kufuta haipiti mpaka mwenzangu aisome kwenye skrini yake. Simu ikinikatiza katikati, naanza orodha upya kutoka juu, hata kama kichwa kinaniambia nilikuwa nimefika namba saba.

Jirani yangu alipoisikia hadithi hii alicheka sana. Kisha akaniuliza, "Na huyo mwenzako, yeye nani anamwangalia?"

Bado natafuta jibu. Tukutane wiki ijayo.