Sharti la Nyuzi 180: Historia ya Uthibitisho Mmoja

Mwanafunzi akiulizwa jumla ya pembe za ndani za pembetatu, hujibu mara moja: nyuzi 180. Akiulizwa sababu, aghalabu hunyamaza. Historia yaonyesha kuwa swali hili la pili ndilo lenye uzito.

Euclid wa Alexandria aliithibitisha kanuni hiyo mnamo mwaka 300 hivi kabla ya Kristo. Proclus, aliyeandika katika karne ya 5, asema kuwa wafuasi wa Pythagoras walikwisha kuithibitisha. Walichora, kwenye ncha ya juu ya pembetatu, mstari ulio sambamba na kitako. Kila pembe ya kitako ikapata pacha wake huko juu. Pembe tatu zikakaa bega kwa bega, zikajaza mstari mnyofu.

Lakini usawa wa pembe hizo pacha wategemea dai la tano la Euclid, alilolikubali bila kulithibitisha. Omar Khayyam wa Uajemi (1048-1131) alijaribu kulithibitisha. Saccheri naye, mwaka 1733. Hawakufaulu. Hatimaye Lobachevsky, mwaka 1829, na Bolyai, mwaka 1832, walitoa jiometri isiyolifuata dai hilo, ambamo jumla ya pembe hizo haifiki nyuzi 180.

Basi kanuni ya kale si ya uongo, bali ina sharti, na sharti hilo limo katika neno moja: sambamba. Tufundishapo kwa Kiswahili, tusiikaririshe hesabu tukaliacha neno hilo bila maelezo.