Ramani Pana, Mlango Mwembamba

Michezo ya video ya kufyatua risasi kwa mtazamo wa nafsi ya kwanza ina mapokeo mawili. Half-Life (1998) humwongoza mchezaji katika njia moja iliyopangwa. Far Cry 2 (2008) humfungulia nchi ya Kiafrika isiyotajwa jina, azunguke apendavyo. Mapokeo haya ya pili huitwa uhuru.

Lakini uhuru wa nani? Mchezaji ni mamluki wa kigeni. Raia hawaonekani barabarani. Wamejificha, wakingojea hati za kusafiria. Mamluki huwapelekea hati hizo, nao humpa dawa ya malaria.

Miaka hiyohiyo, wafanyabiashara wa Kiafrika walijaa katika jengo la Tianxiu, barabara ya Huanshi Zhonglu, Guangzhou. Jiji lilikuwa wazi mbele yao, ila viza ndiyo iliyoamua nani atembee bila hofu. Julai 15, 2009, Mnigeria mmoja alipoumia akikimbia ukaguzi wa pasipoti, Waafrika jijini humo waliandamana hadi kituo cha polisi.

Basi upana wa ramani pekee si kipimo cha uhuru. Yafaa kuuliza pia ni nani anayeombwa hati mlangoni.