Singeli ya Sisso na Maiko: Wazungu wanasifia biti, sisi tunamtafuta MC

Sisso na Maiko ni wawili wanaotengeneza singeli kutoka Dar es Salaam. Albamu yao, Singeli Ya Maajabu, ilitoka mapema 2024 chini ya Nyege Nyege Tapes, lebo ya Kampala, Uganda. Wachambuzi wa Ulaya na Marekani wameipokea vizuri. Ila ukiitaja kwenye Noah ya Katesh kwenda Babati, ambako singeli inapigwa kutwa, usishangae ukiulizwa: hao ni kina nani?

Sisso ndiye mwenye studio ya Sisso Records, Mburahati. Mwaka 2017 kazi za studio hiyo zilikusanywa kwenye albamu ya Sounds of Sisso, na wasikilizaji wengi wa nje waliijua singeli kupitia hiyo. Mwaka 2019 akatoa yake, Mateso. Maiko ni mtu wa kinanda, na kwenye albamu hii kinanda ndicho kinachokimbizana na ngoma mwanzo mwisho.

Kinachowashika wachambuzi wa nje ni spidi. Singeli inaenda mapigo 200 mpaka 300 kwa dakika, wakati Bongo Fleva nyingi inazunguka 100 hivi. Kwa hiyo wanaifananisha na gabber, muziki wa disko wa kasi uliotokea Rotterdam, Uholanzi, miaka ya 1990.

Hapo wamepatia nusu. Kasi inafanana kweli, lakini singeli haikutoka disko. Imetoka kwenye mchiriku na vipande vya taarabu vilivyokatwa, vikarudiwarudiwa na kuongezwa mwendo kwenye kompyuta, ili watu wa vigodoro vya Manzese na Tandale wakeshe wanacheza. Haikuwa majaribio ya maabara. Ilikuwa shughuli ya mtaani, na kwa muda mrefu iliitwa muziki wa wahuni.

Halafu kuna suala la sauti. Nyumbani singeli ni mdomo. Tunamjua Msaga Sumu, Man Fongo, Sholo Mwamba, Dulla Makabila. Aliyetengeneza biti hatumjui, na wala hatuulizi. Singeli Ya Maajabu imegeuza meza: sehemu kubwa ni biti na kinanda, bila MC wa kuongoza. Kwa msikilizaji wa Berlin asiyejua Kiswahili hakuna kilichopungua. Kwa wa Haydom au Dongobesh, kuna kiti kitupu jukwaani.

Na huku kwetu sauti ina uzito wake. Wairaqw wana slufay, maombi ya baraka ambayo mzee anaghani na waliokaa wanamwitikia. Bila waitikiaji, hakuna slufay. Wadatoga nao wakicheza, wimbo ndio unaomrusha mtu juu. Anayeongoza akikaa kimya, nani ataruka? (Kijana aliyezoea singeli ya kwenye flashi ataruka tu, ila wazee watauliza.)

Kwa maoni yangu albamu ni nzuri, na sifa za kinanda cha Maiko ni halali. Kinapanda, kinateleza, kinacheka kama gemu ya zamani ya televisheni. Ila ukiisikiliza yote kwa mkupuo masikio yanachoka. Ngoma mbili tatu kwa wakati zinatosha. Na usiihukumu kwa spika ya simu, maana besi yote inapotea. Weka earphone au spika kubwa.

Kilicho muhimu zaidi ni jina. MC wa singeli akihiti anaitwa kwenye shoo na matangazo, ila mtengeneza biti mara nyingi hulipwa mara moja pale studio, basi. Hapa majina yaliyoandikwa kwenye kava ni ya watengeneza biti wenyewe, na watu wa nje wanawalipia kiingilio waje kupiga. Kijana wa Mbulu mjini au Katesh anayetengeneza biti kwenye laptop ya kuazima aanzie kusikiliza hapo.

Albamu ipo Bandcamp na kwenye programu kubwa za kusikilizia muziki. Bando likiwa dogo, ishushe kwenye Wi-Fi kwanza.