Chungu cha Msambaa: Urithi wa Mikono katika Milima ya Korogwe

Mpale ni kata ya Wilaya ya Korogwe, mkoani Tanga, iliyopo katika milima ya Usambara, makazi ya jadi ya Wasambaa. Kusini, katika nyanda za Handeni, wanaishi jirani zao Wazigua. Mgeni anayepanda milima hii kutoka barabara kuu ya Dar es Salaam–Arusha aghalabu hufuata misitu na mandhari, akaipita kazi ya mikono inayofanyika uani.

Kwa jadi ya Wasambaa, ufinyanzi ni kazi ya wanawake, na binti hujifunza kwa mama yake. Udongo huchimbwa, hutwangwa, huondolewa mawe, kisha hulowekwa na kukandwa hadi ushikamane. Gurudumu halitumiki. Mfinyanzi huinua kuta za chungu kwa vidole na kuzilainisha kwa gunzi la hindi au kokoto. Chungu hukaushwa kivulini kwa siku kadhaa, kisha huchomwa mahali pa wazi, bila tanuri, kwa kuni na nyasi. Unyevu uliobaki ndani ya ukuta hugeuka mvuke na kukipasua, hivyo kazi ya siku nyingi huweza kupotea katika moto wa mara moja. Mnunuzi anayeshangaa bei, ambayo kwa kweli ni ndogo, angefaa kuushuhudia moto huo kwanza.

Simulizi nazo ni sehemu ya safari. Kitabu cha Habari za Wakilindi, kilichoandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, kinaeleza jinsi Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, alivyoingia Usambara na kupewa utawala uliofanya makao yake Vuga. Nasaba yake ilimtoa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala hadi miaka ya 1860.

Sufuria na ndoo za plastiki zimechukua nafasi kubwa ya vyungu na mitungi, na binti mwenye njia nyingine ya kipato hana sababu ya kukaa na udongo. Hapo ndipo utalii wa utamaduni, ulioanza kuratibiwa nchini katikati ya miaka ya 1990, unapokuwa na uzito. Shughuli hiyo Usambara imejikita zaidi Lushoto; vijiji vya upande wa Korogwe hupata wageni wachache. Faida humfikia mfinyanzi pale tu mgeni anapomlipa yeye mwenyewe, kwa chungu na kwa muda wa kufundishwa.

Mgeni huanza kwa kujitambulisha ofisi ya kijiji, na huomba ruhusa kabla ya kupiga picha. Njia za milimani huteleza wakati wa masika, na udongo hauanikiki vizuri. Miezi ya Juni hadi Septemba hufaa zaidi. Chungu kilichonunuliwa hufungwa kwa majani makavu ya mgomba na kupakatwa garini, kwani hakivumilii kurushwa juu ya mizigo.