Tingatinga: Geuza Picha Kwanza

Ukimtajia fundi wa barabara neno "tingatinga", atafikiria buldoza. Ukilitaja Oysterbay, wilayani Kinondoni, utaelekezwa kwenye picha. Jina hilo ni la mtu: Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliyepitia mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuingia Dar es Salaam kutafuta riziki.

Alianza kuchora mwaka 1968, bila turubai wala rangi za wasanii. Alitumia hadibodi, zile mbao nyembamba za kufunikia dari, zilizokatwa mraba wa sentimita 60 hivi, na rangi ya mafuta inayong'aa kama ile ya baiskeli. Picha ziliuzwa nje ya duka la Morogoro Stores, mkewe akisaidia, na wanunuzi wengi walikuwa Wazungu wakazi wa Oysterbay waliofuata mahitaji ya nyumbani.

Rangi hiyo ndiyo iliyozaa mtindo. Rangi ya maji hutawanyika kwenye karatasi na kulainisha kingo za ua. Ya baiskeli hubaki palepale ilipopakwa. Basi mchoraji hupaka mandhari, husubiri ikauke, kisha huweka mnyama, na mwisho madoa, moja moja. Picha nyingi za mwanzo zilikuwa na chui, tembo au ndege mmoja tu, na nyuma yake rangi tupu au majani machache.

Mwaka 1972 polisi walimpiga Tingatinga risasi wakidhani ni mhalifu, akafariki. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi, na mwaka 1990 wakaunda chama cha ushirika. Wanyama waliongezeka, maua na miti vikajaza nafasi zilizokuwa wazi, na vitambaa vikachukua nafasi ya mbao: mtalii hukiviringisha kitambaa na kukitia begini.

Hapo ndipo mkusanyaji wa picha hizi hupata kibarua. Jina la mwanzilishi limekuwa jina la mtindo mzima, na picha za kughushi zenye saini yake zipo sokoni. Saini pekee haitoshi. Anayeijua kazi hii huigeuza picha, akakagua ubao ulivyochakaa na kingo zilivyokatwa. Ubao uliotengenezwa upigiliwe misumari juu ya vichwa vya watu sasa hukaguliwa mgongoni kabla ya chui kutazamwa usoni.