Safu ya Lugha: Kayaki Si Kila Mtumbwi
Matangazo ya utalii siku hizi huita kila kidau “kayaki”. La hasha! Neno hili asili yake ni qajaq ya Wainuiti: chombo chembamba cha mwindaji mmoja, kiunzi kilichovikwa ngozi za sili hadi juu, kikiendeshwa kwa kafi lenye bapa pande mbili. Kisiwani Greenland kilikuwa cha wanaume. Wanawake walivuta makasia ya umiaq, mashua pana ya wazi iliyobeba watoto na mahema familia ilipohama. Wadenmark wakaiita mashua ya wanawake. Alaska, umiaq hiyohiyo ilipeleka wanaume kuwinda nyangumi. Ngozi za vyombo vyote viwili zilishonwa na wanawake. Gogo lililochongwa, basi, liiteni mtumbwi. Likiwa na matengo, ngalawa.