Upinde Usiolia: Habari za Uta wa Mwindaji Usukumani

 

Leo tuweke jembe chini kidogo tuzungumze juu ya silaha ambayo bado inatundikwa katika nyumba nyingi huku kwetu: upinde. Wasukuma huuita buta, na watu wa pwani tangu zamani waliuita uta. Kijana mmoja aliniuliza, "Bwana shamba, upinde wa babu haulii. Huu niliouchonga mimi, nikiachia mshale, unalia kama debe. Kwa nini?" Swali hilo si la mchezo. Ndani yake mna historia, na mna funzo kwa kila mtu anayelala shambani akilinda mahindi yake.

Kwanza tufahamu kelele inatoka wapi. Ukivuta upinde, nguvu ya mkono wako inaingia katika mti. Ukiachia, sehemu kubwa ya nguvu hiyo inaondoka na mshale. Ile inayobaki haina pa kwenda, basi inatikisa mti pamoja na upote, yaani ile kamba ya upinde. Mtikiso huo ndio mlio.

Sasa fanyeni hesabu. Sauti husafiri kiasi cha mita 340 kwa sekunde moja. Mshale wa upinde wa mti husafiri mita 45 au 50 hivi. Swala akiwa mita 25 kutoka kwako, mlio unamfikia kwa muda usiotimia sehemu ya kumi ya sekunde, lakini mshale unahitaji nusu sekunde. Mnyama mwenye wasiwasi hahitaji zaidi ya hapo. Anachuchumaa ili aruke, na mshale unapita juu ya mgongo wake. Mwenye upinde wa kelele alirudi nyumbani mikono mitupu, na watoto wakalala njaa.

Ndiyo maana mafundi wa upinde, hapa Afrika na kwingineko, walitafuta dawa. Dawa ya kwanza ni mshale wenye uzito wa kutosha. Mshale mwepesi mno huondoka na nguvu kidogo na kuuachia upinde nyingi, nao upinde hulalamika. Dawa ya pili ni upote wenyewe. Ukilegea mno na kuukaribia mti, hupiga mti kila unapoachia. Ukisokotwa zaidi unafupika, unakaa mbali na mti, na lile pigo linakoma. Dawa ya tatu ni kufunga vishungi vya manyoya au sufu kwenye upote, kimoja karibu na kila ncha, ili vimeze mtikiso. Wapiga upinde wa Marekani na Ulaya hufanya hivyo mpaka leo kwa sufu ya kondoo. Dawa ya nne ni kukaza kila kilicholegea, kama vile mikanda ya ngozi.

Wahadzabe wa bonde la Ziwa Eyasi bado wanawinda kwa pinde kali zenye upote wa kano za wanyama, na kwa wanyama wakubwa hutumia mishale ya sumu. Sumu hiyo haiui papo hapo. Mwindaji hunyata mpaka karibu, kisha humfuata mnyama kwa nyayo zake.

Lakini zama zilibadilika. Katika karne ya 19 biashara ya pembe za ndovu ilileta bunduki nyingi Usukumani na Unyamwezi. Mwaka 1896 Wajerumani waliweka amri ya vibali vya kuwinda, na mwaka 1921 Waingereza wakatoa sheria yao. Mwaka 1951 Serengeti ikawa hifadhi ya taifa, na mkono wake wa magharibi ukanyooka mpaka karibu na Ghuba ya Speke, jirani na sisi. Mwindaji wa jana akaitwa jangili. Hapo ukimya wa upinde ukapata kazi nyingine: kujificha, si kwa swala tu, bali na kwa askari wa wanyamapori.

Mwaka 1982 upinde ulirudi barabarani mchana kweupe. Sungusungu walianza katika sehemu za Kahama na Shinyanga kupambana na wezi wa ng'ombe, wakaenea Usukumani kote, na mwaka 1989 sheria ikawatambua. Safari hii hapakuwa na haja ya kunyamaza. Filimbi ililia, mwano ukapigwa, kijiji kizima kikatoka na mata na mishale.

Basi kijana wangu, funzo ni hili. Upinde wa kimya ni wa kuua, na kuua mnyama wa porini bila kibali ni kosa linaloweza kukufikisha gerezani, familia ikabaki na deni la pamba. Tena tembo au kiboko aliyejeruhiwa kwa mshale ni hatari kuliko mwenye afya. Mlinzi wa shamba anataka kelele: madebe, ngoma, filimbi, na majirani wanaoitikia. Msikae mkitegemea kelele peke yake, maana tembo huizoea. Zungusheni kamba yenye vitambaa vilivyopakwa oili chakavu iliyochanganywa na pilipili, na mpake upya mvua ikinyesha. Mazao yakiharibiwa, toeni taarifa mapema ofisi ya kijiji na kwa afisa wanyamapori. Tangu mwaka 2011 ziko kanuni za kifuta machozi. Fedha hizo hazilingani na jasho lako, lakini asiyetoa taarifa hapati hata senti.

Upinde wa babu utunze ukutani, na umwombe akufundishe kuuchonga. Ujuzi huo ni mali. Shamba lilinde kwa kelele.